Aliyeshuka Tangini Bila Kamba

Kuku alipandishwa ndani ya kapu akiwa amekufa. Fundi mwashi alimgusa shingo, akamweka kando, akawaambia majirani, "Bado. Hewa ya humo ni sumu. Tutajaribu tena kesho."

Ndivyo walivyofanya kila walipolisafisha tangi. Lilikuwa kuba la matofali alilolijenga fundi mwenyewe chini ya ua wa pamoja, na samadi ya ng'ombe wa muuza nyama ilitoa humo gesi ya kupikia nyumba zote za mtaa. Tope likishachotwa, kuku hutangulia. Akirudi hai, mtu hushuka na kamba kiunoni, na juu watu wawili wameishika.

Tangu mabomba yafike majikoni, magunia yalikuwa yakimdodea tajiri wa mkaa. Mmoja wa wapakiaji wake alikuwa mdogo wake fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Tingatinga. Asubuhi hiyo aliingia uani na wenzake wawili, kila mmoja na nyundo ya kuvunjia mawe.

"Songa, dada," Tingatinga alimwambia fundi. "Leo tunakuvunjia hilo sufuria lako la gesi."

"Tajiri kakutuma?"

"Njaa imenituma. Wewe si umeshiba, una gesi!"

Bomba la kwanza lilipasuka kwa pigo moja. Mke wa muuza nyama alisimama mbele ya la pili, lakini nyundo ya Tingatinga haikusimama. Ilimkuta tayani. Aliketi chini bila sauti, meno yakimtoka pamoja na damu.

Watu wakatoka na mawe, michi na vyuma. Mpakiaji mmoja alivunjwa goti getini. Mwingine aliruka ukuta, akaacha ngozi ya viganja kwenye vipande vya chupa. Tingatinga alirudi nyuma, jiwe likampasua paji la uso. Akaona mdomo wa tangi uko wazi. Akatupa nyundo, akatumbukia.

"Toka humo, utakufa!" fundi alipiga kelele.

"Nitoke niuawe?" sauti ilijibu. Kisha ikaanza kukohoa.

Muuza nyama aliburuta mfuniko wa zege, akaufunika mdomo, akaukalia.

"Inuka," fundi alimwambia.

"Mke wangu hana taya."

"Kuku umemwona."

"Nimemwona. Ndiyo maana nimekaa."

Fundi hakubembeleza, katika hewa ile mtu hana muda wa kusubiri wengine wabembelezane. Alichukua beleshi akampiga nalo kichwani. Sikio lilichanika, muuza nyama akaanguka ubavu. Fundi akausukuma mfuniko, akaita. Kikohozi kilikuwa kimekoma. Mdomo mmoja usingetosha kupitisha hewa; alijua, maana yeye ndiye aliyeuchora. Akaokota nyundo ya mdogo wake, akaishusha juu ya kuba.

"Umerogwa? Si ndicho walichokuja kufanya!" jirani mmoja alifoka, akamtandika mchi wa mgongo. Fundi alipiga magoti, akainuka, akapiga tena mpaka matofali yakadondoka ndani na upande wa pili ukapata mwanga.

Alijifunga kamba, akanyoosha ncha yake. Hakuna aliyeipokea. Watu walitazama pembeni, mmoja akatema mate. Mwishowe aliyeishika ni muuza nyama, damu ikimchuruzika shingoni.

"Nakushikia wewe, si yeye," alisema. "Wa pili nani?"

Mwenye mchi akauweka chini, akaja.

Fundi alibana pumzi, akashuka na ncha ya kamba nyingine mkononi. Mdogo wake alikuwa amelala chali kwenye tope, macho wazi. Alimpitishia kamba kwapani, akatingisha yake. Walivutwa mmoja baada ya mwingine, wakiburuzwa kwenye zege kama mizigo.

Fundi alimkandamiza mdogo wake kifua. Tingatinga alitapika, akavuta pumzi, akalia.

"Anapumua?" muuza nyama aliuliza.

"Anapumua."

"Ananisikia?"

"Anasikia."

"Vizuri. Sikutaka kumpiga maiti." Akaiokota nyundo. "Alimpiga mke wangu kwa mkono upi?"

"Dada," Tingatinga alinong'ona. "Dada, mwambie."

Fundi alimtazama mwanamke aliyeketi kando ya bomba, akiwa ameshika taya kwa mikono miwili.

"Wa kulia," alisema. Kisha akamkalia mdogo wake kifuani, akamnyoosha mkono ule juu ya zege na kuubana kwa nguvu zote, ili pigo lisikose likaangukia kichwa.