Siku Fundi Mkuu Alipofanywa Marehemu

Asubuhi ile Fundi Mkuu alitangazwa kuwa amefariki. Msimamizi wa zoezi alisoma karatasi yake mbele ya wafanyakazi wote wa ghala la chanjo: tuchukulie umeme umekatika, fundi wa jenereta hayupo tena duniani, na chumba cha baridi kina saa mbili tu. Watu wakacheka. "Poleni na msiba!" akasema mpishi wa kantini, akamwekea marehemu chai. Sheria ilikuwa moja: akae pale, asimsaidie mtu.

Naye hakutaka kusaidia. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na meneja alishamwambia bila kupepesa macho kwamba mwongozo wake wa kuwasha jenereta ukitosha, hawatamhitaji. Miaka kumi na tisa, jamani, unaambiwa hivyo! Basi alipouandika mwongozo akaruka hatua moja: kufungua vali ya dizeli nyuma ya tangi, ambayo hufungwa kila baada ya majaribio. Wakwame kidogo, wamkumbuke. Alidhani wataita fundi wa nje, kama mwaka uliopita.

Wakamwita msaidizi wake, mpwa wake, binti wa dada yake. Mwongozo ulikuwa na sahihi ya binti huyo kwamba ameukagua. Alikuwa amesaini bila kuusoma. Ausome wa nini, na umeandikwa na mjomba?

Kupitia dirisha Fundi Mkuu alimwona akipekua kurasa, mikono imejaa grisi, akiwasha na kuwasha mpaka betri ikafa. Mara moja binti aligeuka akamtazama. Kunyoosha kidole tu kungetosha. Akainamia kikombe.

Saa mbili zikaisha. "Bila huyu mzee tumekwisha," meneja akasema kikaoni. "Mpeni miaka mitatu mingine." Kisha akamgeukia binti. "Na wewe ulisaini kwamba umekagua. Leo hii kabidhi funguo."

Fundi Mkuu alimkuta mpwa wake getini, ovaroli imekunjwa kwapani, macho mekundu.

"Hongera, mjomba," akasema, na wala hakuwa anamkejeli. "Mama atafurahi kusikia umebaki. Mimi nimekuaibisha tu, unisamehe."

"Yameisha, mwanangu," akamjibu, kisha akarudi ndani kusaini mkataba.