Mtu Akinyamaza, Simamisha

Meneja wa kiwanda cha vyuma alitaka jambo moja tu, na alilitaka kwa kelele: kreni iache kusimama ovyo. Tangu dereva aondolewe waya na kupewa rimoti ya kuning'iniza kifuani, kila mzigo ukipita nyuma ya rundo la mabati mawimbi yalikatika, na kreni ikaganda na vyuma vyake hewani. Wafanyakazi wa chini walipiga miluzi.

"Injinia, rimoti yako ina presha kuliko mama mkwe wangu," meneja alisema. "Iambie ivumilie kidogo."

"Ikivumilia, siku dereva akianguka nayo mzigo utaendelea kutembea," alijibu dada aliyeibuni. "Nitahamisha antena. Kuvumilia, hapana."

Ukaidi huo aliurithi. Baba yake aliendesha kreni enzi za waya na ishara za mikono, mpaka magoti yalipomgomea. Alimfundisha bintiye tangu mdogo kwamba mpiga ishara asipoonekana, unasimamisha kwanza, unauliza baadaye. Binti akakua, akaligeuza somo hilo kuwa mtambo. Rimoti yake ilituma neno moja bila kuchoka: nipo, nipo, nipo. Kreni isiposikia, inasimama. Hakuna kusubiri, hakuna kudhani.

Mzee naye, tangu afiwe na mkewe na kubaki peke yake, alikuwa na "nipo" yake. Kila jioni akishakula alimbipu binti yake, mlio mmoja, kisha anakata. Binti anambipu naye. Wakalala salama.

Safari moja bipu haikuja. Binti aliacha kazi, akakodi gari, akafika anahema, akamkuta mzee anamenya chungwa, simu imezima chaji. Mzee alicheka, kisha akanuna.

"Mama, mimi si kreni. Bipu moja tu ikipotea ushaniletea kilio mlangoni? Majirani watadhani nimeshakufa. Subiri hata mbili tatu, ndiyo uje."

Binti akaona haya, akakubali. Yeye aliyemkatalia meneja mbele ya watu hakuweza kumkatalia baba yake, na mnaomlaumu semeni kama nyie mngeweza. Mtu mzima ana heshima yake, na mzee huyu alikuwa amebakiwa na hiyo tu.

Wiki ile ya kuhamisha antena, jioni ilipita bila bipu. Alipiga yeye, simu ikaita mpaka ikakata. Ameiacha kwenye koti, akajiambia. Jioni ya pili kazi ilikuwa imemkaba koo, yuko juu ya ngazi na bisibisi mdomoni. Aliposhuka akapiga tena, ikaita tena. Kama inaita basi ina chaji, na nani wa kuichaji kama si mwenyewe? Alijituliza kwa hesabu hiyo mbovu, hesabu ambayo meneja angemletea kuhusu kreni angemtupia usoni. Asubuhi jirani akampigia.

Mzee alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga, na walipovunja mlango mwili ulikuwa umeshapoa. Daktari alisema angewahiwa ile siku ya kwanza, angepona. Kuna maneno ambayo daktari angeyameza tu, lakini huyu hakuyameza.

Baada ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, jirani alimfuata binti mlangoni. Alikuwa mama mshona nguo, na chumba chake cha cherehani kiligusana ukuta na bafu la mzee. Macho yalimvimba.

"Mwanangu, nisamehe. Nilimsikia."

"Ulisikia nini, mama?"

"Anagonga ukuta. Mimi niko kwenye cherehani, nikisimama kubadilisha uzi ndiyo namsikia. Ko. Ko. Nikasema, mzee leo kapata kazi, anapigilia misumari. Na simu yake nayo naisikia inaita, nikasema basi yupo." Alijifuta kwa upande wa khanga. "Tena ikiita ndiyo anagonga mbiombio, kama mtu mwenye haraka. Ikinyamaza, na yeye ananyamaza."

"Siku zote mbili?"

"Ile ya pili aligonga kidogo. Lakini aligonga."

Binti akakaa palepale kizingitini, viatu vya waombolezaji vimemzunguka. Mama mshona nguo alimshika bega, akamwambia kazi ya Mungu haina makosa, naye akaitikia kwa kichwa bila kusikia. Alimpigia baba yake mara mbili, na mara zote mbili baba alimjibu.