Chapa Nyekundu za Karani Evaristo

Jumatano moja ya Septemba mwaka 1975, saa tisa alasiri, Evaristo alikaa barazani kwake Kilema akachana bahasha kwa wembe, upande wa chini. Watu wengine huchana bahasha popote mkono unapoangukia. Yeye alichana chini, polepole, kwa sababu juu kulia palikuwa na chapa nyekundu ya mashine: duara lenye jina la Moshi na tarehe, mraba wenye thamani ya posta, na pembeni maneno KILIMO CHA KUFA NA KUPONA. Chapa ilikuwa imekolea vizuri. Kisha bahasha ikammwagia maji mapajani.

Hayakuwa mengi, kama kata mbili hivi. Yalikuwa baridi, na ndani yake mlikuwa na kipande cha jani la mgomba. Evaristo aliikung'uta barua, akaisoma. Ilisema kwamba suala lenu linashughulikiwa. Akaianika bahasha kwenye kamba ya nguo na kuibana kwa vibanio viwili.

Mkewe, Hilaria, alichovya kidole kwenye suruali yake, akaonja.

"Haya ni ya mfongo wetu," alisema. "Baba Redempta, vua hiyo suruali nikaikamulie mgomba."

Wakusanyaji wengine wa stempu walipenda zenye picha: twiga, vipepeo, mlima wenyewe na theluji yake. Evaristo aliona hayo ni mambo ya kitoto. Yeye alikusanya chapa za mashine, zile zinazopigwa na ofisi zenye barua nyingi hadi zikachoka kulamba stempu. Alikuwa nazo za sukari, za mkonge na za bima, lakini roho yake ilikuwa kwenye bahasha arobaini na moja za Shamba la Mweresini, zilizolala katika kasha la bati chini ya kitanda. Moja ilikuwa na tarehe 30 Februari, maana mtu wa ofisini aliyezungusha tarehe siku hiyo alikuwa na mawazo mengine. Barua iliyokuwamo iliahidi kwamba suala lingeamuliwa siku hiyohiyo. Bahasha hiyo Evaristo asingeitoa hata kwa ng'ombe wa maziwa.

Suala lenyewe lilikuwa maji. Mfongo, ule mfereji ambao babu zao waliuchimba kutoka msituni hadi kwenye vihamba vyao, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ulifungwa mwaka 1963. Mzungu mwenye Mweresini aliweka lango la chuma huko juu, akayageuzia maji yote kwenye bwawa lake. Zamani ugonjwa huo ulikuwa na dawa yake. Mzee Wenseslaus, mkuu wa mfongo, angepuliza pembe alfajiri, kila nyumba ingetoa mwanamume mmoja na jembe, na asiyefika angetozwa debe la mbege, pombe ya ndizi. Lakini Evaristo, karani wa mfongo, alisimama mkutanoni akasema kwamba Uhuru umekuja na watu wa kisasa huandika. Akaandika. Jibu lilikuja katika bahasha ambayo aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Tangu siku hiyo pembe ikabaki ukutani. Baadaye mzungu akaondoka, shamba likawa la umma, na suala lililokuwa likishughulikiwa kwa Kiingereza likaanza kushughulikiwa kwa Kiswahili.

Jumatano iliyofuata bahasha ilitoa debe zima. Kisha kasha la bati nalo likaanza kuvuja. Hilaria aliweka sufuria chini ya kitanda, halafu karai, halafu akahamia kulala jikoni, kwa sababu mtu hawezi kulala mfongoni.

Habari zilifika kwa jirani yao Odilia, mjane mwenye watoto watano. Migomba yake ilikuwa imekauka mpaka ikabaki sita, na hiyo sita ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Aliinywesha kwa maji ya korongoni, ng'ambo ya uzio wa Mweresini, safari nne kila siku. Alikuja na debe lake kichwani.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba, Mama Zita."

"Nimekuja kukinga bahasha."

"Zinaharibika," alisema Evaristo. "Wino unakimbia." Alisema kweli. Ile ya mwaka 1963 ilikuwa tayari imegeuka rangi ya waridi, na moyo ulikuwa ukimuuma kama mtu anayeuguza mgonjwa.

Odilia aliinama, akalivuta kasha mwenyewe. Chini ya bahasha kulikuwa na nakala za barua za kijiji, moja kwa kila bahasha, naye alikuwa amesoma kwa masista, kwa hiyo alizisoma. Kila moja ilieleza habari za mfongo kwa adabu, na kila moja, isipokuwa ya kwanza, ilimalizika hivi: *Tafadhali jibu lije katika bahasha iliyopigwa chapa inayosomeka.*

"Karani," alisema Odilia, "miaka kumi na miwili yote hii, ulikuwa unaomba maji au unaomba bahasha?"

Evaristo aliona haya, haya ya kweli iliyompanda mpaka masikioni.

"Mwanzoni," alisema, "maji."

Alasiri hiyo walizitandika bahasha zote katika mfongo mkavu. Ile ya 30 Februari aliiweka Evaristo mwenyewe, mwisho kabisa, na alipoiachia alilia kidogo bila kujificha. Maji yakaenda, mekundu kidogo, hadi kwa Odilia na majirani zake. Hakuna aliyeshangaa. Malalamiko yalitoka kwa watu wa mwisho wa mfongo tu, kwamba yanawafikia machache, na Mzee Wenseslaus akawapangia zamu kama ilivyokuwa desturi.

Baada ya majuma mawili bwana mmoja wa ofisi ya Mweresini alipanda kutoka Moshi na pikipiki. Alitazama mfongo, akaandika, akapewa mkungu wa ndizi, akashuka. Jumatano bahasha ikaja na maji yake, na Evaristo akaisoma barua mbele ya mkutano. Ilisema: kwa kuwa kijiji sasa kinapata maji kwa njia ya posta, ofisi haioni haja ya kufungua lango. Karani asaini hapa chini, na bahasha itatumwa kila Jumatano bila kukosa.

"Sisaini," alisema Evaristo. "Mzee, piga pembe. Tupande na majembe."

Watu walitazama chini. Lango lilikuwa mbali, jua lilikuwa kali, na bahasha ilikuwa hapo mezani ikitiririka. Mmoja akasema haba na haba hujaza kibaba.

"Karani," alisema Mzee Wenseslaus kwa upole, "wewe ndiye uliyetufundisha kuandika."

Wakainua mikono. Evaristo akasaini, kwa kuwa ndiyo kazi ya karani.

Odilia hakuinua mkono. Alipokea fungu lake la maji ya Jumatano, yaliyogawanywa kwa kijiji kizima, likatosha mgomba mmoja. Ilibaki mitano. Akachukua debe, akashika njia ya korongoni. Evaristo akamfuata na debe la Hilaria begani. Wanaume waliomwona mwanamume mwenzao akienda kuchota maji walicheka mpaka wakashikana mabega, naye akawaacha wacheke.

Njia ilipita kando ya bwawa la Mweresini. Lilikuwa limejaa pomoni, maji yakimwagika ukingoni upande wa pili, na mlinzi aliyekuwa amekaa juu ya lango akavua kofia, akawaamkia kwa heshima zote.