Mkwe Nyuma ya Kanta

Watu hudhani kazi ya dereva wa mizigo ni kuendesha gari. Uongo. Kazi yake ni kutukanwa. Mwenye gari anakutukana kwa simu, mwenye mzigo anakutukana ukifika, na katikati barabara yenyewe inakutukana mpaka kwenye kiuno. Mimi Bwire nimezungusha kanta, lori dogo la bosi wangu Egesa, kutoka Busia mpaka vijiji vya Tororo, nimebeba saruji, magodoro, kreti za soda na majeneza, na sijawahi kusikia mtu akisema, "Asante, umefika mapema."

Siku hiyo mzigo ulikuwa vifaranga. Nilivichukua Busia asubuhi, maboksi yenye matundu, yamepangwa nyuma chini ya turubai, yanapiga kelele kama soko. Utingo wangu, Luke, alikuwa ameangushwa na malaria, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Egesa alisema vifaranga ni vya kikundi cha akina mama huko Nabuyoga, na kwamba mama mmoja wa kikundi angeningoja Tororo mjini ili anionyeshe njia.

"Mpakie mbele," alisema. "Na vikifa njiani, tafuta kazi nyingine."

Nabuyoga! Mke wangu, Amoit, yuko huko kwa mama yake tangu kabla mvua hazijaanza. Aliondoka kwa sababu sikufika kwenye mazishi ya bibi yake. Nilikuwa nimekwama mpakani Malaba katikati ya matrela, nimebeba saruji ya watu, na kila nikimweleza alinitazama kana kwamba foleni ya Malaba niliijenga mimi. Nilitaka arudi. Nasema wazi, nyumba bila Amoit ilinishinda. Lakini baba yangu mdogo aliponiambia twende na wazee tukamwombe, kama desturi inavyotaka, nilikataa katakata. Sikumfukuza mtu. Asiyefukuzwa anabembelezwa kwa nini? Basi nikaona vifaranga hivi ni bahati. Nitapita kwao kikazi, nitamwona, nitamsemesha, na hakuna atakayesema Bwire alikwenda kupiga magoti.

Lakini Malaba ni Malaba. Foleni ilikuwa imefurika mpaka barabara ya Tororo, matrela pande zote mbili, madereva wao wamelala chini ya magari yao kama watu wasio na kwao. Jua likawaka. Vifaranga vikaanza kuachama. Nikawa nashuka kila mara kumwagia turubai maji ya kunywa, yangu mwenyewe, huku Egesa akipiga simu kuuliza niko wapi. Niko wapi! Nilitamani kumwambia niko Mombasa naogelea.

Nilipoingia Tororo nilimwona mama mmoja amesimama kando ya kituo cha mafuta, amevaa gomesi ya kijani, mkoba kifuani. Nikapiga honi. Akageuka.

Alikuwa mama yake Amoit.

Kwao Wateso na kwetu Wasamia jambo hili halina mjadala. Mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, na kiti alichokalia mmoja mwenzake hakikalii. Yeye alijifunika uso kwa leso akanipa mgongo. Mimi niliinama chini ya usukani kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Humo humo chini nikampigia Egesa.

"Bosi, huyu mama ni mkwe wangu!"

Egesa naye ni Msamia. "Sasa unataka nikutumie kabini nyingine?" akasema, akakata simu.

Nilimwita mwuza machungwa mmoja, nikamtuma akamwambie mama aketi mbele, mimi nitatafuta mtu wa kuendesha, nipande nyuma. Mwuza machungwa akarudi akicheka. "Anasema kiti ya mukwe yeye hawezi kalia. Anasema anapanda nyuma na kuku yake."

Akapanda kweli. Tororo nzima ikatutazama, mama mtu mzima kajibanza katikati ya maboksi, na mimi mkwe wake nimekaa kwenye mto laini. Aibu ilinichoma masikio.

Kidirisha cha nyuma ya kabini hakina kioo. Tulipoacha lami nikasikia sauti yake. Hakusema na mimi. Alisema na vifaranga.

"Vifaranga yangu, mwambia huyo mutu anaendesha, barabara iko na mashimo mingi. Nyinyi inaumia."

Ningefanya nini? Nikasema na usukani. "Wewe usukani, mwambie mama nimesikia."

Tukaenda hivyo. Vifaranga vikaniambia nikate kushoto, usukani ukasema sawa. Kisha, tulipokuwa tunapita mashamba ya Petta, sauti ikarudi, na safari hii ilikuwa ya chini.

"Vifaranga, mwambia yeye, sisi tulingoja wazee mpaka tukachoka."

"Usukani, mwambie mama mimi sikumfukuza mtu."

"Hata mimi sikusema alimufukuza. Lakini mutoto iko kwangu, inatazama barabara. Lori ikilia, inasimama. Sasa mimi nitamurudisha namna gani bila wazee? Nimubebe kwa kapu kama kuku?"

Maneno hayo yalinigonga. Amoit anasimama lori likilia! Ningekubali hapo hapo, lakini joto la Malaba lilikuwa bado kichwani, na simu ya Egesa ilikuwa inalia tena.

"Usukani," nilifoka, "mwambie mama hiyo desturi ni ya watu wasio na kazi!"

Nilijilaani kimoyomoyo, lakini neno likishatoka halirudi.

Ndipo mvua ikashuka. Pale bondeni, kwenye matope meusi, kanta ikazama gurudumu la nyuma na kukataa. Nikikanyaga mafuta, linazunguka tu na kurusha tope. Nikishuka kusukuma, hakuna wa kukanyaga. Watu wote walikuwa wamekimbilia majumbani. Maji yakaanza kupenya turubai, na vifaranga vilivyonusurika na jua sasa vilikuwa vinatetemeka kwa baridi. Nilipiga usukani ngumi mpaka mkono ukauma.

Nikasikia mtu akiruka chini.

"Vifaranga, mwambia yeye akanyage. Mimi nasukuma."

"Usukani, mwambie mama haiwezekani!"

"Mwambia yeye nyinyi inakufa!"

Nikakanyaga. Mungu anisamehe, nilikanyaga huku mama aliyemzaa mke wangu akisukuma nyuma, tope likimrukia. Kanta ikanguruma, ikayumba, ikachomoka. Nilisimamisha pakavu, nikatazama kwenye kioo cha pembeni.

Alikuwa ameketi katikati ya tope, gomesi yote nyeusi. "Mguu wangu!" alilia. "Uuwi, mguu wangu!" Akanyoosha mkono.

Nilitazama huku na huku. Hakukuwa na mwanamke wa kumwita, wala mwuza machungwa. Mvua tu. Nikashuka, nikaenda, nikaushika mkono wa mama mkwe wangu, nikamvuta akasimama.

Ndipo akili ikanirudia. Nimemgusa! Siku ile ile niliyotaka kumpata Amoit, nimeharibu kila kitu. Nilitaka kulia kwa hasira. Nikaacha mkono wake, nikatazama chini.

"Bwire," alisema. Hakusema na kifaranga yeyote. Alisema na mimi.

"Mama."

"Umenishika."

"Mama, ningekuacha kwenye matope?"

"Umenishika. Hiyo mambo haiwezi isha hivi hivi. Sasa lazima wazee ya kwenu ikuje na mbuzi, watutakase. Hata kama wewe hutaki. Hata kama hiyo desturi ni ya watu hawana kazi."

Nikafuta tope viganjani.

"Na wakikuja, nani atawapikia? Mimi siwezi. Amoit ndiye atapika. Na mwanamuke akisha pikia wazee ya bwana yake, anaenda nyumbani pamoja nao. Hiyo kila mutu anajua, hapa na kwenu."

Nilijua. Nilisimama pale kwenye mvua, maji yakiniingia shingoni, hasira yangu yote haina pa kwenda. Ningemkatalia nani? Baba yangu mdogo nilimkataa. Kutakaswa hakuna anayekataa.

"Nitawaambia wazee, mama," nilisema.

"Leo," akasema.

"Leo."

Alikamua gomesi yake kidogo, akajifunika uso kwa leso, akanipa mgongo. Kisha akapanda nyuma ya kanta, haraka, akitanguliza mguu ule ule aliokuwa akiulilia, wala hakuchechemea hata kidogo.