Mama wa Kwenye Video

Mfinyanzi aliketi kwenye ncha ya kiti, asije akakichafua. Udongo ulikuwa umemkaukia hadi viwikoni. Asubuhi ile alikuwa katikati ya chungu binti yake alipoanguka uani akijishika tumbo, na tangu hapo hakupata wasaa wa kunawa. Sasa binti alikuwa wodini, utumbo umejisokota, na daktari alikuwa amesema neno moja tu: apasuliwe leo. Asiye na kitu hupasuliwa bure, ila sharti afisa ustawi wa hospitali atie sahihi.

Afisa alikuwa kijana mpole. Alimpa maji ya kunywa, akashika kalamu, akamwangalia usoni. Kalamu ikasimama.

"Samahani mama, tumewahi kuonana?"

"Sidhani, mwanangu. Mimi na mjini wapi na wapi."

Afisa alitoa simu, akatelezesha kidole mara mbili tatu, akamgeuzia. "Huyu si wewe?"

Ndiye. Amekaa mbele ya vyungu vyake, kompyuta mapajani, anacheka hadi magego yanaonekana. Sauti nzito ya mwanamume inasema kwamba mtandao umefika kila kijiji, kwamba mama huyu sasa anauza vyungu ng'ambo bila kutoka uani kwake, na kwamba hivyo ndivyo taifa linavyojengwa.

"Ni mimi. Lakini ile kompyuta watu wa serikali waliondoka nayo."

"Waliondoka nayo?"

"Jioni ileile. Hata kuwashwa haikuwashwa, waliniambia nibonyezebonyeze tu. Na kicheko kile, mpiga picha alikuwa amekalia chungu kibichi, suruali yote tope. Kwetu kuupata mtandao mpaka upande kichuguu, mwanangu, nao ukija ni mgeni wa kusalimia mlangoni, haukai."

Afisa alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Mama, mimi nakuamini."

"Basi tia sahihi, baba."

"Nikitia, jina lako na sura yako vinaingia kwenye mfumo, na wakubwa wanaviona. Wataniuliza: huyu tumemwonyesha hadi kwa wafadhili, wewe unamwandika fukara? Wataniambia naihujumu serikali." Alishusha sauti. "Nina watoto, mama."

"Na mimi ninaye. Yuko hapo wodini."

Afisa aliifunika kalamu taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

"Basi iondoe hiyo video," mfinyanzi alisema.

"Si yangu. Halafu imeshatapakaa. Watu wengi mno wameipenda."

"Wameipenda," alirudia yeye.

Alitoka bila kuaga. Nyuma yake alimsikia afisa akiiambia wodi kwa simu, kwa upole uleule, kwamba binti hatapasuliwa, kitanda kiachwe wazi.

Binti alikuwa amejikunja kitandani, midomo imepasuka kwa kiu.

"Amekubali, mama?"

Kabla hajamjibu, mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa akimpepea mtoto aliyeungua kifua, aliacha kupepea. Alimtazama mfinyanzi, akamtazama tena, akaja akapiga magoti mbele yake sakafuni.

"Dada, Mungu ndiye amekuleta. Wewe unauza mpaka ng'ambo. Nisaidie dawa ya huyu, huyu mmoja tu."

"Inuka, dada yangu. Sina kitu."

"Usiseme hivyo. Nimekuona kwa macho yangu."

"Nakwambia sina. Huyu wangu mwenyewe wamemkataa."

"Mama?" binti aliita.

Muuguzi aliingia akisukuma kiti cha magurudumu. Alikisimamisha kando ya kitanda cha binti, akaanza kuondoa shuka, huku akikwepa kumwangalia mtu. Mfinyanzi alitaka kwenda kumshika mwanawe. Hakuweza kupiga hata hatua. Mwanamke yule alikuwa ameukamata upindo wa nguo yake kwa mikono miwili, ameuweka kwenye paji la uso, na hauachii.