Mawe Yenye Twahara

Mpango ulikuwa na kurasa nne. Niliuandika kwa Kifaransa, kisha kwa Kimalagasi, ili asipatikane mtu wa kusema hakuelewa. Walimu kumi na wawili wa Mahajanga walikuwa wanakwenda Nosy Be kuona matumbawe kwa mara ya kwanza. Wangekaa siku mbili kwenye kisiwa kidogo cha Nosy Sakatia, kisha warudi kuwafundisha wanafunzi wao. Mimi nilipewa kazi ya kupanga kwa sababu nilikuwa nimemaliza chuo miezi mitano kabla, na sikuwa na kazi nyingine. Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa tisini na nane.

Niliandika kwamba mashua isitie nanga juu ya matumbawe, ifungwe kwenye boya. Watu wanne tu wawe majini kwa wakati mmoja. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuelea, maana anayechoka husimama, na anaposimama huvunja. Mafuta ya kujipaka yabaki nchi kavu. Tufike kwanza kwa wazee wa kijiji tuulize yaliyo fady, yaani miiko ya mahali pale. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: HAKUNA KUGUSA, HAKUNA KUCHUKUA, HATA KIPANDE.

Koulsoum, mwalimu mkuu aliyeongoza kundi, aliusoma ukurasa wa pili akacheka.

"Zalifa, hii ni bahari au ni msikiti? Viatu tutavulia wapi?"

"Ukurasa wa tatu, dada. Viatu vimo."

Baba naye alikuwa na mpango wake. Alikuwa fundi cherehani mtaa wa Tsaramandroso, jina lake Saindou, na mwaka ule aliamua kurudi Moroni kuishi na dada yake. Meli ilikuwa iondoke Jumapili baada ya safari yetu. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu: kaburi la mama lifunikwe.

Katika ukoo wetu kaburi hufunikwa kwa mawe meupe ya baharini, vipande vya matumbawe. Lakini bahari ya Mahajanga ni nyekundu kwa tope la mto Betsiboka, na mawe hayo hayapatikani. Lazima yatoke kaskazini. Mama yangu, Zaïnaba, aliuawa Desemba ya sabini na sita, siku zile Wakomoro walipouawa katika mji huu. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja. Baba alimzika kwa haraka, akachomeka ubao, na baada ya wiki chache tukapakiwa kwenye ndege ya kwenda Moroni pamoja na wengine waliosalia. Tuliporudi nilikuwa na miaka tisa. Ubao ulikuwa umeinama, lakini ulikuwepo. Kila mwaka Baba alisema ataagiza mawe, na kila mwaka hayakuja.

Ningependa kusema kwamba nilimlilia mama. Sikuwahi. Mimi husimama pale kaburini nikisubiri kitu kinijie, hakiji, tunarudi nyumbani tunakula.

Aliposikia naenda Sakatia, Baba aliuliza mwenye mashua ni nani. Nikamwambia ni Athoumani, mtu mzima, wa zile familia za Kiislamu za zamani za pwani. Baba akaandika barua kwa herufi za Kiarabu, ambazo mimi sizijui, akaniomba niitie ndani ya bahasha moja na barua yangu ya kumweleza Athoumani mahali nilipopachagua.

"Umeandika nini, Baba?" Niliuliza kwa Kimalagasi. Yeye husema nami Kikomoro, mimi humjibu Kimalagasi, na hatujawahi kupotezana.

"Nimemwomba mawe. Yale yaliyotupwa ufukweni. Hayo hayana mwenyewe."

Hata kipande, nilikuwa nimeandika. Niliwaza siku nzima. Mwishowe nikajiambia kwamba anayechukua si kundi, ni Baba, na kwamba yaliyoko ufukweni yamekwisha kufa. Nikaifunga bahasha.

Nilitangulia kufika Sakatia siku ya Jumatatu, siku tatu kabla ya walimu, nikague mahali. Athoumani alinipokea vizuri. Kabla sijanywa hata maji alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Ya mama yako hayo, mwanangu. Yaangalie!"

Yalikuwa magunia mawili yamemwagwa juani. Matawi kama pembe, mengine mapana kama sahani. Juu yalikuwa yameanza kuwa meupe, chini bado yalikuwa ya kahawia yenye utelezi. Nzi walikuwa wamejaa. Harufu ilinifika kabla sijainama.

"Umeyatoa wapi, mzee?"

Alionyesha bahari kwa kidevu. "Chini. Pale pale ulipoandika kwamba ni pazuri kuliko kote. Nikasema, kama panawafaa wageni, panamfaa na marehemu."

"Baba aliomba ya ufukweni."

"La! Barua ninayo." Aliingia ndani akatoka nayo, akaisoma kidole kikitembea chini ya mistari. "Sikiliza. 'Nakuomba mawe yenye twahara, kwa ajili ya kaburi la mke wangu.' Yenye twahara! Hebu nenda ufukweni ukatazame twahara iko wapi. Mbwa wa hoteli wanakojoa pale asubuhi na jioni. Mtu akuombe kitu cha kaburi, umpe kilichokojolewa na mbwa? Siku tatu nimepiga mbizi, mimi na umri huu. Mpaka leo sikio hili halisikii. Ukitaka kunisema, nisemee upande wa pili."

Alicheka. Alikuwa anangoja nimshukuru.

Hakukuwa na neno ufukwe katika barua. Baba alidhani twahara inatosha: jiwe lililooshwa na jua na maji hata kikaisha kila kilichokuwamo. Athoumani alielewa jiwe ambalo hakuna mguu wala mbwa aliyelifikia. Sikuweza kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea. Mimi ndiye niliyejua la kuuliza, yaliyo hai au yaliyokufa, na nikaifunga bahasha.

Nilivaa miwani ya kuzamia nikaingia majini. Mahali pale palikuwa na kipara, kama mikono minne kwa sita, visiki vyeupe vilivyokatwa upya. Samaki wadogo wa rangi ya bluu walikuwa bado wanazunguka juu ya visiki, hewani kwao, mahali ambapo juzi palikuwa na matawi. Nilipima. Nilipotoka niliandika vipimo, tarehe na saa. Athoumani alikuwa amesimama ufukweni, na safari hii hakucheka.

"Yalikuwa hai?" aliuliza.

"Yalikuwa hai."

"Sisi tunayaita mawe," akasema.

Kesho yake nilikwenda Hell-Ville, mji wa Nosy Be, kupiga simu kwenye duka la jirani yetu Mahajanga, wakamwita Baba.

"Yapo?" ndilo neno lake la kwanza.

"Yapo, Baba. Magunia mawili."

"Alhamdulillahi. Meupe?"

"Yanaanza kuwa meupe." Nikamweleza yote, twahara, mbwa, mbizi.

"Yananuka?" aliuliza.

"Yananuka."

"Kama nini?"

"Kama kitu kilichokufa siku nyingi."

"Usiniletee," akasema. "Harufu hiyo nilimzika nayo."

"Na kaburi? Meli ni Jumapili."

"Meli ni Jumapili," akasema, akampa mwenye duka simu.

Niliporudi, Athoumani alikuwa amekwisha kuyarudisha yote kwenye magunia. Alitaka tuyarudishe baharini. Nikamwambia yamekufa, hayataota tena. "Najua," akasema. "Lakini hapa uani si mahali pake." Jumatano tukayapeleka kwa mashua. Hakuyatupa. Alishuka nayo, mafungu mafungu, akayaweka kwenye mchanga kando ya visiki, mimi nikimpa kutoka juu. Ilituchukua asubuhi nzima.

Walimu walifika Alhamisi. Ningeweza kubadilisha mahali, na Athoumani alinishauri hivyo, kwa aibu yake na yangu. Sikubadilisha. Niliwapeleka wanne wanne, nikawaonyesha matumbawe mazima kwanza, kisha kipara. Juu ya mashua niliwaambia nani aliagiza, nani alivunja, na nani alinyamaza. Koulsoum aliyekuwa akitania tangu Hell-Ville alichukua mpango wangu, akautazama ule mstari wa herufi kubwa, akanirudishia.

"Sasa ninaelewa kwa nini umepiga kelele hapa," akasema taratibu.

Tulifika Mahajanga Jumamosi alasiri. Baba alikuwa amekwisha kufunga mizigo, na cherehani ilikuwa imeuzwa. Tulikwenda kaburini pamoja. Udongo mwekundu ulikuwa wazi, nyasi zimeota upande wa miguu. Alisoma Fatiha, nami nikasoma. Kisha akachuchumaa, akaanza kung'oa nyasi.

"Hebu nieleze," akasema bila kuinua kichwa. "Yakiwa chini, yanakaaje?"

Nilimweleza. Nilisema kama nilivyowaeleza walimu: kwamba kila tawi ni wadudu maelfu, wadogo kuliko kichwa cha pini, kila mmoja anajenga juu ya nyumba ya aliyekufa kabla yake. Nilimweleza rangi. Nilimweleza wale samaki wa bluu.

"Bado wanazunguka?"

"Nilipoondoka, bado."

"Hawajui pa kwenda," Baba akasema.

Aling'oa nyasi nyingine, akazikung'uta udongo kwa uangalifu ili urudi kaburini. Nilitazama mkono wake, vidole vya fundi vyenye alama za sindano, nikangoja kama ninavyongoja siku zote. Hakikuja kitu. Nikachuchumaa upande wa pili, nikaanza kung'oa.

"Libaki udongo," akasema. "Udongo haujamdhuru mtu. Lakini udongo unataka kupaliliwa, Zalifa. Mawe yangekupumzisha."

"Nitakuja, Baba."

"Mara ngapi?"

"Kila mwezi."

"Kila mwezi ni nyingi. Nyasi hazioti hivyo." Alifikiri. "Baada ya mvua. Njoo baada ya mvua."

"Nitakuja baada ya mvua."

Akatikisa kichwa kukubali, akahamia upande wa miguu, ambako nyasi zilikuwa nyingi zaidi, nami nikamfuata.