Nusu ya Mtandio

Duka la zawadi lilikuwa ghorofa ya chini ya hoteli, baina ya saluni na chumba cha kufulia, na siku ya mwisho ya likizo lilijaa mpaka mlangoni. Meneja wa ghala la rangi aliingia na mkewe wakiwa na kapu moja. Walikuwa wamelala vizuri, wamekula vizuri na wameogelea. Kilichobaki ni kuwakumbuka watu wa nyumbani, kazi waliyoitengea muda uliobaki kabla ya kurudisha ufunguo wa chumba.

Walianza na mkurugenzi, kama kawaida yao. Meneja hakuwa hata ameifikia rafu. Saa ya mezani, ya shaba, yenye mnara wa jiji juu yake, ilitembea mpaka ukingoni ikajitupa ndani ya kapu.

"Huyo tayari," alisema mkewe.

Kalamu za afisa mikopo ziliifuata kwa mstari. Kikombe cha jirani kilitaka kubembelezwa kidogo, kikaja.

Ukaidi ulianzia kwenye mtandio wa mama. Ulikuwa wa sufu, rangi ya zambarau. Meneja aliushika ncha akauvuta, nao ukaja mpaka katikati, ukasimama. Aliuvuta mpaka mshipa wa paji la uso ukamtoka. Muuzaji, binti aliyekuwa akitafuna chingamu, alisogea na mkasi.

"Nikate hapo?"

"Kwani umekwama wapi?"

"Haujakwama. Hapa kitu kinatoka kadiri mtu anavyotaka kukitoa. Si imeandikwa pale?" Alielekeza mkasi juu ya mlango. Palikuwa na maandishi ya dhahabu, KUTOA NI MOYO, na mapambo ya sikukuu yaliyafunika nusu. "Msimu huu tunapata tabu sana. Yule kaka anavuta shuka la mama mkwe wake tangu tufungue."

Yule kaka alikuwa ameshavua koti, mguu mmoja ameukita ukutani.

"Nusu mnauza bei ya nusu?" mke wa Meneja aliuliza.

"Bei ya nzima."

"Kata," alisema Meneja. "Mama yuko kitandani tu. Hilo bega la pili anakwenda nalo wapi?"

Akabaki Kitindamimba, dada yake Meneja, anayekaa na mama yao katika nyumba ya zamani tangu mama apate kiharusi. Ndiye anayemgeuza, anayemwogesha, anayemnywesha uji kwa kijiko. Ndiye pia, kwa maneno ya Meneja mwenyewe kila anapopewa kipaza sauti kwenye harusi, nguzo ya familia. Nguzo haihami. Lakini safari hii nguzo ilikuwa imepata nafasi chuo cha ukunga, na Meneja alikuwa ameahidi mbele ya mama kwamba wakitoka likizo watamchukua yeye mama wakae naye wao. Siku ya kuondoka, Kitindamimba aliegemea dirisha la gari akasema, "Kaka, msinihangaikie na vikombe. Nileteeni begi tu. La magurudumu."

Mabegi yalikuwa rafu ya chini. Meneja alishika la bluu akavuta. Rafu nzima ikaja nalo. Mkewe alimshika kiuno, wakavuta pamoja. Yule kaka wa shuka alikuja kuwasaidia, maana yeye sasa alikuwa mzoefu.

"Vuta huku unamfikiria mwenyewe," muuzaji alishauri. "Mfikirie yuko stendi, kalishika, anaondoka."

Meneja alimfikiria dada yake yuko stendi, kalishika, anaondoka. Begi likadidimia kwenye ubao wa rafu kwa kina cha kidole.

"Acha, kaka," alisema muuzaji. "Utatuvunjia duka."

"Hebu nione," alisema mkewe. "Mimi mwenyewe langu zipu imekufa." Akalishika kwa kidole kimoja. Likainuka kama unyoya.

"Basi tutamwambia yalikuwa yameisha," alisema Meneja.

Kabla hajamaliza kusema, kapuni mwao tayari mlikuwa na aproni nene ya plastiki, yenye mnara wa jiji kifuani. Hakuna aliyeiweka. Chini yake zilijibanza glavu za mpira za kufulia.

"Unaona?" alisema mkewe. "Vyake vimekuja vyenyewe."

Kitindamimba aliwapokea kwenye nyumba ya zamani mikono ikinuka sabuni. Waliweka mizigo sebuleni, karibu na mlango wa chumba cha mama ulioachwa wazi ili naye asikie sikukuu. Begi la bluu lilisimama katikati ya mizigo. Kitindamimba aliliona kabla ya kuona kitu kingine chochote.

"Asante, kaka," alisema, akalisogelea.

"Hilo langu, wifi," alisema mke wa Meneja. "Yalikuwa yameisha. Yako hii hapa, plastiki nzito, haipitishi maji. Huko mjini kila mtu anavaa."

Aproni ilijinyoosha kutoka mkononi mwake, ikapita kichwani kwa Kitindamimba, ikajifunga yenyewe mgongoni. Fundo lilikuwa zuri.

"Imekukaa," alisema Meneja.

"Nguo za mama nimeshazifunga. Mnaondoka naye leo au kesho?"

"Tutaongea."

"Kaka, chuo kinafungua Jumatatu."

"Vyuo vinafungua kila mwaka."

"Na nyumba yetu ina ngazi, wifi, unajua mwenyewe," mke wa Meneja aliongeza. "Mama na ngazi wapi na wapi?"

Chumbani, mama alikuwa ameshavishwa mtandio wake. Ulimfika bega moja. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu augue, kwa hiyo alichagua maneno machache.

"Mzigo wa mwenzio..." alisema.

Hakumalizia. Hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua methali hiyo inapoishia, na Meneja alianza kutafuta funguo za gari.

Wakati wa kuondoka, begi halikuinuka. Halikuwa na kitu ndani ila kandambili za kuogelea. Mke wa Meneja alilivuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Meneja alilisukuma kwa goti. Walilizunguka, wakalijaribu upande wa pili, wakakaa chini kupumua. Kitindamimba, aliyekuwa anapiga deki, alilinyanyua kwa kidole cha mwisho, akapangusa chini yake, akalirudisha.

"Kumbe!" alisema mke wa Meneja. "Basi tupelekee mpaka kwenye gari, wifi. Wewe una nguvu."

Kitindamimba alilitoa nje. Kwenye geti magurudumu yaligeukia upande wa stendi, na begi likaanza kumvuta polepole, kama mtoto anayemvuta mama yake kumwonyesha kitu. Alisimama. Barabara ilikuwa nyeupe. Nyuma yake, kupitia dirisha la chumbani, mama alisikika akikohoa. Mbele yake kaka yake alikuwa ameshafungua buti na kuangalia saa.

"Fanya haraka bwana, tutakutwa na foleni!"

Alimjua kaka yake. Angewasha gari mama akiwa peke yake ndani ya nyumba, na njiani angemwambia mkewe kwamba majirani wapo.

Alilinyanyua begi akaliweka kwenye buti. Wakamshukuru sana.

Walipofika kwao, begi lilikataa kushuka. Jumatatu chuo kilifungua. Begi likabaki humo humo. Wanapotoka sokoni hupanga viazi juu yake, na gari hutembea limelala kidogo nyuma, jambo ambalo fundi wao amelizoea.

Mwaka ulipokaribia kuisha, mke wa Meneja alipiga simu.

"Wifi, ukipata nafasi uje utushushie lile begi. Tunataka kusafiri."

"Nikipata nafasi."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Bega tu linaingia baridi."

"Maskini! Mpe pole. Mwambie mwaka huu tutamletea ile nusu nyingine."

Kitindamimba aliweka simu kwenye mfuko wa aproni, akaenda kumgeuza mama na kumhamishia mtandio. Ilikuwa zamu ya bega la kushoto.